Cheo Kilichoondoka na Salamu

Mikumi, Alhamisi. Joto, vumbi, na kichwa kinanigonga tangu mchana.

Nilishushwa cheo Jumatatu ya wiki iliyopita, saa mbili na dakika kumi asubuhi. Nilikuwa msimamizi wa wahudumu wa vyumba katika hoteli moja hapa. Vyumba ishirini na sita, wahudumu tisa. Nilianzia kufua mashuka kwa mikono, miaka saba iliyopita, na hakuna mjomba aliyenibeba.

Barua ya kunishusha inasema "utovu wa adabu kwa mkuu wa kazi". Maana yake niliacha kumpa Meneja mkono.

Huku kwetu shikamoo haina mjadala, na mkubwa akikunyooshea mkono unaupokea. Meneja analijua hilo. Anaitikia marahaba kwa sauti ya upole, huku kidole chake kinakukwaruza kiganja. Hakuna mwanamke asiyejua anachotaka. Nilivumilia mara kumi na nne. Ya kumi na tano niliweka mikono nyuma, nikamwamkia kwa mdomo tu, mbele ya wageni wawili na mlinzi.

Mama yangu, kule Mabwerebwere, Kilosa, aliguna kwenye simu. "Mkono tu, mwanangu? Si ungeunawa?"

Leo wametuletea hotelini mafunzo ya kuzuia unyanyasaji wa kijinsia kazini. Tulikuwa thelathini na mmoja, wanawake kumi na watatu. Aliyeyafungua ni nani? Meneja huyohuyo. Mwezeshaji, dada kutoka Morogoro, alipofika kwenye kugusana kusikotakiwa, Salumu dereva akadakia, "Sasa madamu, tuwe tunasalimiana kwa honi?" Ukumbi ukaangua kicheko. Hata mimi nilicheka.

Kisha nikanyoosha mkono. Nikauliza: mtu akikupa mkono wa salamu, akakukwaruza kiganja, hiyo mmeiandika ukurasa wa ngapi?

"Huo utani tu, jamani," Meneja akasema. "Mwenzenu ana hasira za cheo."

Mwezeshaji hakubishana naye. Akauliza kama kuna mwingine aliyefanyiwa hivyo. Nikadhani nimekwisha. Ndipo Pendo wa jikoni akasimama. "Mimi hapa. Tena nilikuwa na unga wa ugali mpaka kwenye kiwiko, wala hakujali." Mikono ikaanza kupanda, mmoja mmoja. Pamoja na wangu, saba.

Meneja akatazama saa, akatangaza kwamba chai iko tayari.

Ningefurahi, lakini kuna jambo linaniuma. Wawili kati ya hao sita walikuwa chini yangu. Niliwahi kuwakaripia kwa kumkwepa Meneja asubuhi. Niliwaambia hawakufunzwa adabu kwao. Nilikuwa najua kidole kile, na bado niliwasukuma wakampe mkono.

Nimewaomba radhi. Mmoja amepokea, mwingine ameendelea kukunja mashuka.

Jioni nimemkabidhi Mkurugenzi wa hoteli barua ya malalamiko dhidi ya Meneja, mkononi. Tumesaini watano, wawili wanaogopa, siwalaumu. Ameanza kuniambia habari za kikao cha kupatana huku tukinywa soda. Nimemkatalia.

Mkurugenzi, kama unasoma na hapa mtandaoni, swali langu ni lilelile: nilishushwa kwa kosa gani la kazi? Litaje, au unirudishie nafasi yangu. Nataka jibu la maandishi, Jumatatu kabla ya saa sita mchana.