Kiroboto wa Chupa ya Tatu

Kilifi, Jumatano, 14 Machi 1984

Bado naliona lile jicho. Kiroboto wa maji, kidudu cha bwawani kidogo kama punje ya mchanga, ana moja tu, jeusi, na mwili wake ni kama kioo: ukimtazama kwa hadubini unaona mpaka moyo ukidunda.

Kazi yangu leo ilikuwa kuwatenga viroboto wa bwawa la Ganze. Wenye kichwa kilichochongoka niwatie chupa hii, wenye kichwa cha mviringo chupa ile. Huyu mmoja hakuwa wa huku wala wa kule. Nikamwita Daktari, mkuu wa maabara yetu.

"Huyo ni chotara, Bi Rehema," akasema, bila ubaya wowote. "Mtie chupa ya tatu, uandike hivyo."

Mkono ukakataa. Neno hilo mara ya mwisho nililisikia kwenye msiba wa kaka yangu. Kwa Mama, Ugiriamani, alikuwa Kahindi; kwa Baba, Malindi, alikuwa Saidi. Alilazwa ndani siku mbili, kafunikwa shuka, huku nje wajomba na ami zetu wakigombana azikwe wapi na kwa dua gani. Mmoja akasema, "Chotara ana taabu hata akifa."

Mimi nilikuwa pale mlangoni. Nikanyamaza. Ni huko kunyamaza kunakonirudia, si lile neno.

Alasiri kiroboto alikufa. Moyo ulipunguza mwendo, ukapunguza, ukasimama, nami namtazama.

Nikaandika kibandiko cha chupa ya tatu. Kesho Daktari atasoma: Kahindi Saidi.