Kumpokea Mjomba Wako

Mjukuu wangu Mwende,

Poleni na msiba huko Doha. Sisi hapa Komarock tunajikaza, na mama yako ameanza kula tena. Umeuliza kama mjomba wako azikwe huko au aletwe nyumbani.

Nikiwa msichana, kaka yangu alifia ng'ambo. Jeneza lilipofika uwanja wa ndege, mama alipiga magoti kwenye ghala la mizigo, akalikumbatia: "Pole na safari, mwanangu. Umefika." Watu waliokuwa wakipakia maua ya kwenda Ulaya waliyaweka chini, wakavua kofia. Hatukuwajua. Mmoja alianza wimbo wa kanisani, ghala zima likaitikia, wakambeba hadi garini. Mwili ulinisisimka, na bado unanisisimka nikiandika haya.

Mlete mwanangu, Mwende. Tutakuja sote kumpokea.

Nyanya yako