Nilimpa Mama Mkwe Kipande cha Gemu

Jumatano, Runyenjes. Manyunyu tangu alfajiri, matope hadi mlangoni, na mimi nacheka peke yangu. Asubuhi nilikuwa karibu kulia.

Niseme ukweli wote. Miezi minane nimekuwa nikifumua gemu yangu ya zamani ya malori, nijue inavyosoma ramani zake. Walioiunda waliiacha kitambo. Nilitaka malori yapite kwenye barabara zetu za majani chai, na yateleze inavyostahili. Kumbe Ireri wa Kiritiri naye alikuwa akihangaika kuweka mbuzi barabarani, na Kinoti wa Ruiri alikuwa akigeuza maandishi yote yawe Kimeru. Watu watatu tukifumua kitu kilekile, kila mtu kwake, tukirudia makosa yaleyale.

Ujinga mtupu.

Basi jana niliweka msimbo wangu mahali pamoja mtandaoni, sote tutumie huo mmoja. Akirekebisha mmoja, wote wamepona. Gemu yenyewe kila mtu ana nakala yake. Tunachogawana ni nilichoandika baada ya kuifumua. Nilijiona mkarimu sana.

Nikasahau majina.

Ukifumua gemu, vipande vyake huja na namba tu. Unakaa na kipande, unasoma tabia yake, halafu unakibatiza. Kimoja kilinitesa wiki tatu: hakiachi lori liingie barabarani mpaka kikague magurudumu, breki na uzito, kisha kinaanza upya. Nikakiita MamaGatwiri.

Gatwiri ni mchumba wangu. Jumamosi hii naenda na wazee wetu kwao Ruiri kumposa. Kinoti ni kaka yake. Na mama yao, siku ya kwanza nilipofika, aliniuliza kazi yangu mara tatu.

Leo nilipokumbuka, niliiacha chai mezani. Nikakimbilia kompyuta nifute jina, lakini wenzangu walikuwa wameshaunganisha miradi yao, na jina lile linatumika kila mahali. Nikilibadilisha, gemu zote tatu zinagoma. Nilifikiria hata kudai kwamba ni Mama Gatwiri mwingine. Nikajionea aibu. Sikuwa namdharau yule mama. Nilimwogopa, na woga wangu nikaufanya mzaha.

Simu ikalia. Kinoti.

"Shemeji, nimesomea mathe hiyo kitu yako. Ako hapa."

Nikaanza kuomba radhi, akanikatiza.

"Anasema ni sawa, gari mbovu isipite. Lakini ameona nikitest lori haina mzigo, ikapita bila magurudumu! Anauliza, hiyo mbona haikuangaliwa?"

Nikasikia sauti ya mama mwenyewe kwa nyuma: "Mwambie mwenye anakuja mikono mitupu ndio mimi huangalia zaidi!"

Halafu akacheka. Sikujua kama mama huyu hucheka. Nami nikacheka mpaka machozi yakanitoka, kwa furaha na kwa kuondokewa na wasiwasi.

Na alikuwa amesema kweli. Msimbo wangu ulianza na uzito, na ukikuta hakuna mzigo uliruka ukaguzi wote. Nimerekebisha mistari miwili, na kabla ya chakula cha mchana miradi yote mitatu ilikuwa imeipata. Ireri ameandika kwamba tangu jana alikuwa akiwalaumu mbuzi wake bure.

Kwenye orodha ya waliochangia nimemwongeza mama, chini ya majina yetu, kama aliyegundua kosa. Nilimuuliza Kinoti kama mama ataudhika. Jibu limeingia sasa hivi: hajaudhika, ila Jumamosi anataka kuona mwenyewe kama nimelirekebisha.

Kwa hiyo wazee watabeba asali na kitita cha miraa, na mimi nitabeba kompyuta. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kwenda posa hivyo. Najua tu kwamba hofu ya Jumamosi imeniisha, na natamani ingekuwa kesho.