Kigingi Nilichoking'oa Mwenyewe

Jumapili, mvua. Kambi ya bwawa, mto Lualaba.

Mvua imeanza alfajiri na haina dalili ya kukoma. Inapiga mabati kwa kelele kiasi kwamba nikilia hapa hakuna jirani atakayesikia. Sijalia bado. Mke wangu amejilaza, amegeukia ukuta, na sijui kama amelala au ananikwepa. Misa ya kwanza imepita na hatukwenda.

Shajara yangu, leo sina maneno mazuri. Nimechoka na nimekasirika, na ninayemkasirikia zaidi ni mimi.

Wewe unajua kazi yangu, nimekueleza mara nyingi mpaka umechoka. Mimi ni mtu wa rula. Injinia anatazama kwenye darubini, mimi nashika ile rula ndefu yenye namba, na kwa njia hiyo tunajua ardhi iko juu kiasi gani na maji yatafika wapi. Mahali maji yatakapoishia tunapiga kigingi cha mti, kichwa chake chekundu. Tangu nitoke Kasai na kuandikwa kazini, sijawahi kuona kitu kilichonipendeza kama mstari ule wa vigingi ukizunguka kilima. Watu wengine waliona pori. Mimi niliona ziwa kabla halijakuwepo.

Ndiyo maana mtoto wetu Kabedi alipofariki nilichagua mwenyewe mahali pa kumzika.

Ilikuwa bado tuko kambi ya chini, ile ya kwanza, kabla hatujahamishiwa huku kilimani. Surua ilipita kwenye nyumba za matofali mabichi na kuchukua watoto, na muuguzi wa dispensari akataka wazikwe haraka. Kwetu, mtu akifia mbali, hukatwa nywele kidogo na kucha, vikapelekwa nyumbani ili wakubwa wazike kitu na wamlilie vizuri. Kwa Kabedi hatukupewa nafasi hiyo. Alifungwa kwenye kitenge cha manjano cha mama yake na kazi ikaisha kabla jua halijawa kali. Nilichoweza kufanya ni kusimamia kaburi lake liwe upande wa juu wa kigingi, mahali ambapo maji hayatafika. Nilimwambia mke wangu hivyo. Aliniamini, maana mimi ndiye mtu wa rula.

Misalaba ya pale ilikuwa vijiti tu. Mimi nilipima. Kutoka kwenye kigingi, kuelekea kile kichuguu kikubwa, nilihesabu hatua zangu na nikazihifadhi kichwani. Nilijiona nina akili sana.

Alhamisi injinia akatuita. Ni kijana, Mbelgiji, si mtu mbaya, anajua hata kutuuliza habari za nyumbani. Akasema wakubwa wameamua kuongeza milango ya chuma juu ya ukuta wa bwawa, kwa hiyo maji yatazuiwa juu zaidi ya tulivyopima mwanzo, na mstari wetu lazima upande kilimani. Nikasema ndiyo, bwana. Ijumaa asubuhi nikaenda na vijana wangu kupiga mstari mpya.

Katika kazi yetu, ukipiga mstari mpya unang'oa wa zamani. Ni desturi, na ni desturi nzuri. Mistari miwili ikibaki porini, kesho mtu mwingine atapima kutoka kwenye ule wa uongo, nyumba itajengwa majini. Sijawahi kuacha kigingi cha zamani nyuma yangu. Ijumaa nilivipitia kimoja kimoja, nikavitikisa, nikavivuta, nikavirusha kwenye rundo la kuchomwa. Na kile cha makaburini nilikivuta hivyohivyo.

Niliyaona makaburi. Nilijua kabisa kwamba mstari mpya umeyaacha chini. Moyo uliniuma na nikasema nitamwomba injinia ruhusa ya kumhamisha mtoto. Lakini mkono wangu ulikuwa kazini na moyo wangu ulikuwa kwenye ombi, na hakuna kati yao aliyekumbuka kwamba kigingi kile ndicho pekee kilichojua Kabedi amelala wapi.

Jioni ile nilimwomba. Injinia alinisikiliza amesimama, kofia mkononi. Akasema niulize dispensari. Dispensari wakasema aliyekufa kwa surua hafukuliwi bila karatasi ya bwana administrata, mkuu wa wilaya. Bwana administrata amekwenda Sandoa na harudi wiki hii. Nikarudi kwa injinia. Akafikiri, akaniambia nisubiri wageni waondoke, Jumatatu atanipa watu na majembe, na karatasi ataijibia yeye mwenyewe. Ukuta ulikuwa umeshaanza kuzuia mto, kwa hiyo tukahesabu pamoja mwendo wa maji. Tulikuwa na siku za kutosha. Nilimshukuru, na bado namshukuru, hakunidanganya.

Nilimweleza mke wangu. Hakupiga kelele. Akasema mjomba wake, mzee Tshibangu, mkataba wake umekwisha na anapanda treni Jumatatu kurudi Mwene-Ditu, kwa hiyo mtoto akifukuliwa mapema mjomba angeweza kupeleka kitu kwa bibi yake Kabedi. Nikamwambia asubiri.

Wageni ndio hao waliokuja jana. Chama cha mainjinia, wengine wametoka Elisabethville, wengine wametoka kwao Ubelgiji, na wake zao wenye viatu vyeupe kwenye tope letu. Wametembezwa kuona kazi kubwa za Katanga, na ukuta wetu ulikuwa wa mwisho na mkubwa kuliko yote. Turubai lilifungwa, meza zikawekwa, bamba la shaba lenye majina ya mainjinia likafunuliwa. Nilisoma majina yote. Nilitafuta, kwa upuuzi tu, kama pangekuwa na mstari mdogo chini kwa ajili ya wengine.

Mzee mmoja kati yao, nywele zote nyeupe, aliusogelea ukuta, akavua kofia, akaweka kiganja juu ya zege. Macho yake yalijaa machozi. Akasema kwa Kifaransa, si kwa mtu yeyote, kwamba ukuta huu utakuwepo wakati sisi wote tumesahauliwa. Nilimpenda yule mzee. Nilikuwa nimewahi kuweka kiganja palepale na kuwaza jambo hilohilo.

Halafu wakataka picha. Mpiga picha akalalamika kwamba ukuta hauonekani ukubwa wake, akaomba mtu mweusi mmoja asimame chini yake na ile rula ndefu. Injinia akanichagua mimi.

"Simama sawasawa," akaniambia kwa Kiswahili chake cha kazini. "Hapana cheka."

Nilinyoosha kola. Nilivuta tumbo ndani. Nakiri, shajara, nilifurahi. Niliwaza kwamba picha ile itatundikwa mahali huko Ulaya na mtu atauliza yule ni nani.

Nilipokuwa nimesimama hivyo, mzee Tshibangu alikuwa kwenye kizuizi cha barabara akibishana na mlinzi.

Usiku wa kuamkia jana ilinyesha sana huko juu mtoni, na maji hayakufuata hesabu yetu. Asubuhi mke wangu aliteremka kutazama, akaona kambi ya zamani imegeuka ziwa na ulimi wa maji umeanza kulamba makaburi ya chini. Hakusubiri karatasi ya mtu. Akachukua jembe, akawaita mama wawili wa jirani na mjomba, wakaenda. Walipofika wakakuta hakuna msalaba hata mmoja. Kapita, msimamizi wa kikosi cha kufyeka, alikuwa ametoa vijiti vyote Ijumaa baada yangu kupita na kuvichoma pamoja na miti, kwa sababu mti wowote utakaoelea utaziba milango ya bwawa. Trekta lilikuwa limepita pia. Pote palikuwa tope tupu, sawa kama uwanja. Ndipo mjomba akatumwa kunifuata, na mlinzi akamzuia pale barabarani mpaka wageni walipomaliza kula.

Nilipomwona nilikimbia. Nilikimbia nikiwa na rula begani, sijui kwa nini sikuiacha.

Mke wangu alikuwa amesimama katikati ya tope, miguu mitupu, jembe mkononi. Alikuwa ametulia. Alikuwa na hakika kwamba nikifika tu, shida imekwisha.

"Tata Kabedi," akasema, akiniita baba wa mtoto kama kawaida yake, "unionyeshe fasi. Mutoto iko wapi?"

Nikageuka kutafuta kichwa chekundu cha kigingi changu.

Sina namna ya kuandika hapo. Nilikiona kichuguu, kiko palepale, kikubwa kama nyumba. Hatua zangu nilizikumbuka zote. Lakini hatua huhesabiwa kutoka mahali fulani, na mahali hapo nilipang'oa kwa mkono wangu mwenyewe nikaona nimefanya kazi safi. Nilipiga magoti, nikapapasa tope nikitafuta tundu lake. Matundu yalikuwa mengi, ya mizizi, ya trekta, ya mvua. Mwanamke mmoja wa jirani alidhani ninasali, akainamisha kichwa.

"Nilikitoa," nikamwambia mke wangu. "Kigingi. Jana. Nilikitoa mimi."

Hakuelewa mara moja, halafu akaelewa.

Tukachimba. Nilikisia mahali, mjomba na mimi tukachimba kwa zamu, wanawake wakitoa tope kwa mabeseni, na maji yakaja nyuma yetu polepole bila hata sauti. Pa kwanza hapakuwa na kitu. Pa pili jembe la mjomba likagusa nguo, akaacha kuchimba, na mke wangu akashuka mwenyewe ndani, akafuta tope kwa vidole. Ilikuwa blanketi ya kijivu, zile tunazogawiwa na Shirika lililotuajiri. Ndogo. Kabedi alikuwa kwenye kitenge.

"Haiko yetu," akasema. "Ni mutoto ya batu wengine. Tumufunike."

Akamfunika yeye mwenyewe. Alimsawazishia udongo vizuri, kana kwamba wazazi wake wanatazama, ilhali tulijua kwamba muda si mrefu maji yatakuwa juu yake. Nilitaka kumwambia afanye haraka na sikuthubutu. Kisha nikaanza shimo lingine, na jingine, mpaka maji yakawa yanaingia kwenye shimo kwa kasi kuliko ninavyochota, na mjomba akanishika mkono.

"Basi, mukwe. Mayi imeshinda."

Mke wangu alifungua pembe ya kitambaa chake cha kichwa. Akainama pale alipokuwa amesimama, si mahali palipochaguliwa, akachota udongo kwa kiganja, akaufunga fundo, akampa mjomba.

Mjomba akauliza kwa upole kama ana hakika.

"Kama haiko ya Kabedi, iko ya mwenzake," akajibu. "Balilala pamoya."

Tukapanda kilima. Kwa mbali tuliona magari ya wageni yakiondoka kuelekea Kolwezi kabla barabara haijaharibika, taa zimewashwa kwa sababu ya mvua.

Leo nimekaa tangu asubuhi nikijaribu kumtafuta mtu wa kulaumu. Injinia? Alitimiza wajibu wake na zaidi. Kapita wa kufyeka? Ningekuwa yeye ningechoma misalaba hiyo pia, mti ni mti. Wale waliopandisha maji? Wanakaa mbali, waliona namba kwenye karatasi, na namba zile nimewapa mimi. Kila mmoja alifanya kazi yake vizuri. Hilo ndilo linalonikosesha hewa. Nikipata angalau mzembe mmoja, nitalala.

Na kazi hii niliipenda. Nikitazama dirishani naona ziwa lile nililoliona kichwani kabla ya wengine wote, limekuja kama nilivyolijua, kila ghuba na kila rasi. Ni zuri. Naandika neno hilo na silifuti. Watakuja watu wengi kulitazama, watapiga picha, watasema Katanga ina maajabu. Huko Mwene-Ditu mama mkwe atazika fundo la udongo, atanyoa nywele, atamlilia mjukuu ambaye hakumwona, na udongo ule pengine ni wa mtoto wa mtu ambaye hatujui hata jina lake. Na mtoto wa mtu huyo, nani amemlilia?

Sioni mbele. Nilizoea kuona mbele, ndiyo ilikuwa sifa yangu.

Mke wangu ameamka sasa hivi. Ameketi kitandani akifunga kitambaa kingine kichwani, kile cha jana kimebaki kwa mjomba. Ameniona na kalamu, ameniuliza kama kesho nitakwenda kazini. Nimemwambia ndiyo. Kuanzia kesho, kila asubuhi, kazi yangu ni kuingia na mtumbwi mpaka kwenye nguzo ya kupimia, kusoma maji yamefika wapi, na kuita namba kwa sauti.

Amekaza fundo la kitambaa. Halafu akasema, bila hasira yoyote, kama anayenituma sokoni:

"Ukipima mayi kesho, unisalimie mutoto."

Nimemjibu sawa, mama.