Kitovu cha Marit

Ingrid mwanangu,

Supu iko jikoni, ipashe. Theluji mlangoni sijaizoa. Mifuko ya choo ya Marit, ile ya kubandika tumboni, imebaki miwili. Agiza leo.

~~Mwanao hana adabu.~~ Hapana, kosa ni langu. Leo darasa lao linaogelea, kwa hiyo alijichorea kitovu kwa kalamu. Nikakifuta. Akaniuliza, "Bibi, asiye na kitovu amezaliwa na nani?" Kabla sijajibu, basi la shule likamchukua. Tangu hapo sikai wala sisimami.

Alizaliwa utumbo na kibofu viko nje. Madaktari walipovirudisha tumboni, kitovu hakikubaki. Lakini kamba iliyowaunganisha nyinyi wawili niliiona ikikatwa, kwa macho yangu haya. Lazima nimwambie.

Kalamu ya wino usiofutika usiitafute. Ninayo, nakwenda bwawani.

Bibi yake