Halima Mlangoni pa Sista

Mama yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Hadado, huku kaskazini. Jua la huku halina huruma, lakini chai ya maziwa ya ngamia nimeipenda, nakunywa kama maji.

Dada Mwende wetu, ambaye hapa kila mtu anamwita Sista, yuko salama. Pale zahanati anapotibu foleni haiishi, lakini ikifika saa sita mchana anaingia chumba cha nyuma kusali. Leo nilitaka kumwita, maana wagonjwa walikuwa wamejaa. Halima, mama anayeuza maziwa sokoni, alikuwa ameketi mlangoni juu ya mtungi wake, homa ikimtetemesha. Akanizuia kwa mkono.

“Hapana ingia, walaal, ndugu yangu. Sista anaongea na Mungu. Sisi wagonjwa nangoja, wewe mzima nashindwa?”

Nikakaa chini kando yake. Nikajikuta nasali, Mama, mimi ambaye huwa sina nafasi hata Jumapili.

Ulinituma nimrudishe Mwende nyumbani. Sijamwambia, wala sitamwambia. Ukimtaka, njoo mwenyewe, ila ujue utapitia kwa Halima.

Usimlilie tena. Mungu akutunze kama watu wa hapa wanavyomtunza.

Mwanao,
Musyoka