Nyuma Hakukuwa na Mtu

Dada Zuhura, shikamoo.

Kigali leo ina ukungu, hata kilima cha pili hakionekani. Nimekuja kwenye mkutano wa mwaka wa shirika linaloelimisha watu kuhusu mishipa ya ubongo inayovimba na kupasuka.

Mwanamke mmoja wa Niboye, mtaa wa hapa Kigali, aliyepona, alisimama kutusimulia. "Nilikuwa nafua nguo. Nikasikia mtu ananipiga nyundo kisogoni. Nikageuka kuuliza, ni nani? Hakuna mtu. Iko ukuta tu."

Dada, unakumbuka? Ndivyo mama yetu alivyogeuka jikoni, akauliza vilevile, kisha akaanguka, nasi tukasema ni jini. Mzee aliyekaa nyuma yangu akasema polepole, "Na mke wangu aligeuka."

Mwanamke yule aliokolewa na nesi wa kituo cha afya, mmoja wa waliofundishwa dalili hizo na shirika mwaka huu. Daktari wao wa utafiti anasema ugonjwa huu unaweza kutembea katika familia. Kesho napigwa picha ya kichwa. Nawe nenda, tafadhali, hata kama huumwi popote. Tumebaki wawili tu.

Nibusie watoto.

Mdogo wako,
Halima